Kiwanda cha sukari kikija Kasulu, mwenye ekari tano bondeni anapata nini?

MamaDuka_Kasulu
Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Nina duka la rejareja hapa Kasulu mjini, na ekari tano za marehemu baba ziko bondeni upande wa Malagarasi, nalima maharage na mahindi. Sasa vijana wa kijijini wamenishikia bango: mama achana na maharage, panda miwa, kiwanda kikija utajenga. Mimi sukari naijua kwa upande wa kaunta tu. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilitoa bei elekezi, rejareja isizidi 3,200 kwa kilo, wakati mfuko wenyewe nilikuwa nauchukua kwa bei inayopita hapo. Ukiuza unakula hasara, ukipandisha unaitwa mlanguzi. Wateja wa kilo wakawa wa robo. Nchi ina ardhi na mito yote hii, tunakwama wapi? Na kiwanda kikija kweli, mimi naambulia nini zaidi ya vumbi la matrekta?

Boda_Mwanga
Dada, kiwanda cha nini wakati kiwanda cha sukari cha Moso, Burundi, kiko hapo ng'ambo tu, karibu kuliko Kilombero. Wafungue mpaka, tunywe chai.

MamaDuka_Kasulu
Kaka, Warundi wenyewe sukari wanaitafuta kwa tochi. Tusidanganyane.

Mizani_Mstaafu
Mwakeye dada. Nimekaa kwenye mizani ya miwa Morogoro mpaka nikastaafu, sasa niko Heru Juu na mizinga yangu ya nyuki. Jina la kiwanda silitaji.

Ardhi kweli ipo, ila muwa hausubiri. Ukishakatwa sukari yake inaanza kupungua, siku mbili juani tayari umeumia. Halafu sehemu kubwa ya muwa ni maji: tani kumi za miwa unapata kama tani moja ya sukari. Nani atasafirisha maji kutoka Kasulu mpaka Morogoro? Kwa hiyo kiwanda lazima kikae katikati ya miwa, na kukijenga ni hela ndefu. Angalia kiwanda cha Mkulazi, mpaka mfuko wa NSSF na Magereza wakaungana. Kagera kiliharibiwa na vita ya Amin, kikaja kusimama sawasawa baada ya kubinafsishwa, miaka ya 2000.

Hiyo 2024 yako ilikuwa mvua. Za El Niño zilikuta miwa shambani, trekta zinazama, kiwanda kinakaa bila miwa huku miwa ipo inaonekana kwa macho. Msimu wa 2022/23 nchi ilikuwa imezalisha zaidi ya tani 450,000, mwaka uliofuata ikashuka. Ndiyo Bunge likabadili sheria, NFRA, wale wa hifadhi ya chakula ya taifa, nao wakaruhusiwa kuleta sukari ya kuziba pengo. Wenye viwanda walinuna. Mimi sikuwaonea huruma sana, maana ushuru wa Afrika Mashariki kwa sukari ya nje ni asilimia 100, na mtu aliyejengewa ukuta mrefu hivyo angalau asiniache nikinywa chai ya chumvi.

Sasa shamba lako. Mkulima wa nje, yaani mwenye shamba lake anayeuzia kiwanda miwa, analipwa kwa vitu viwili: tani, na kiwango cha sukari kilichomo. Trela likipanda mizani napima, likishusha napima tena likiwa tupu, sampuli inakwenda maabara. Uzito mkulima anauona kwenye kioo. Maabara haingii. Kuna mama mmoja, shamba lake liliungua usiku, moto wa jirani. Miwa iliyoungua inatakiwa iwahi, lakini zamu yake ya kuvuna ilikuwa mbali na trekta zote zimeshapangwa. Ilipofika kwangu ilikuwa inanuka kama pombe ya ndizi. Tani zilikuwepo, sukari hakuna. Wakakata hela ya mbolea, wakakata ya wakata miwa, wakakata ya usafiri, karatasi ikabaki na kitu cha kununulia khanga. Akaniuliza mimi, kama vile ndiye niliyeandika.

Kwa hiyo kabla hujang'oa maharage uliza: zamu inapangwa na nani, trekta ni la nani, kwenye maabara anasimama mtu wenu au hapana. Uliza pia makapi ya muwa uliokamuliwa na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Makapi yanachomwa kwenye boila, yanaendesha kiwanda na umeme mwingine unauzwa. Molasi inatoa spiriti. Vyote vimetoka kwenye muwa wako, je vimo kwenye bei yako? Na muwa ukishapanda, wa kwanza unangoja mwaka mpaka mwaka na nusu, halafu unavuna maotea, yale machipukizi ya shina lile lile, miaka kadhaa. Huwezi kugeuka katikati ukasema narudi kwenye maharage.

Kwa nilivyoona kule, atakayekula hela ya kiwanda ni duka lako, si shamba lako.

Mjukuu_wa_Manamba
Mzee umegusa. Sisi Waha tumekata mkonge wa Tanga tangu enzi za mababu, leo vijana wetu wanapanda treni kwenda kukata miwa ya watu. Kikija huku angalau watalala kwao.

Mizani_Mstaafu
Watalala kwao, ndiyo, kwa ujira ule ule. Na mashine za kuvunia zipo tayari.

MamaDuka_Kasulu
Mzee asante sana. Basi nitajaribu ekari moja, tena kiwanda kikishasimama, nne zibaki maharage. Sasa hapo kwenye duka: watu wa kiwanda wanakopesheka?

Mizani_Mstaafu
Wanakopesheka kuanzia mwezi wa saba, mwenye kitambulisho. Kibarua wa msimu mpe vya wiki tu. Ikifika mwezi wa pili anza kudai, maana masika kiwanda kinafungwa na hao vibarua wanaondoka bila kuaga. Na uweke sabuni ya miche kwa wingi, masizi ya miwa hayatoki kwa sabuni ya unga.