Kuku mama ana joto la nyuzi 41, kwa nini kifaranga anakufa kwa baridi?

Mama Kuku, Njombe:
Habari za usiku wakuu. Juzi nimepoteza vifaranga 14 wa siku tatu. Mkaa uliisha jikoni saa nane usiku, nami usingizi ulikuwa umenipitia. Asubuhi nikakuta wamelaliana kwenye kona moja, wa chini wamebanwa hadi kufa. Nilimshika mmoja, miguu ya baridi kama ya chura. Roho imeniuma sana. Mama zao wanalala juu ya mparachichi mwezi huu wa saba, na baridi haiwafanyi kitu. Tunaambiwa ndege ana damu moto. Ya kifaranga ni damu gani?

Fundi Vifaranga:
Pole sana dada. Damu yake itakuwa moto, ila bado. Kuku mkubwa ana nyuzi 41 hivi, sisi 37. Joto hilo mwili unalitengeneza kwa chakula, manyoya yanalizuia lisitoke. Kifaranga hana nguvu ya kutetemeka vya kutosha, ana vinyoya laini tu, na ni mdogo: kikombe cha chai hupoa kabla ya sufuria. Wiki ya kwanza mpe nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama 3 kila wiki mpaka manyoya yatoke. Waangalie wao wenyewe. Wakihema mdomo wazi na kukimbilia ukutani, umezidisha. Ndege hatoi jasho, anajipoza kwa kuhema. Na acha upenyo juu, moshi wa mkaa unaua.

Mwalimu wa Baiolojia:
Hivyo vinyoya laini vina historia ndefu, maana ndege wametokana na dinosaria. Mwaka 1996 China ilitangazwa dinosaria mdogo, Sinosauropteryx, mwenye vinyoya kama nywele na mikono mifupi isiyoweza kuruka. Wengi tunaona vilikuwa vya kutunza joto, kuruka kukaja baadaye. Lile dinosaria jitu la Tendaguru, Lindi, ambalo mifupa yake imesimamishwa Berlin, Ujerumani, lina zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mwili wa ukubwa ule unapoa polepole mno hata bila manyoya. Sisi wanyama tunaonyonyesha tulilipata joto letu kwa njia nyingine kabisa. Mtoto mchanga ana mafuta ya kahawia mgongoni yanayotoa joto bila kutetemeka. Ndege hana.

Mama Kuku, Njombe:
Kumbe mwanangu alizaliwa na jiko lake mgongoni, hawa jiko lao ni mimi. Asante Mwalimu, asante Fundi. Nimezungusha boksi liwe duara, kona hakuna tena, na jiko la pili naliwasha saa sita kabla la kwanza halijafifia. Sasa hivi wametawanyika, mmoja amelala ubavu kwenye maranda, bawa kalinyoosha.