Nataka kusoma saikolojia ya uhalifu: nianzie wapi?

Mwanafunzi, Kiboriloni, Moshi

Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza), nimepata daraja la pili, na sasa nasubiri dirisha la udahili lifunguliwe. Tangu nikiwa kidato cha tatu nimekuwa na hamu ya kusoma saikolojia ya uhalifu. Hamu hiyo sikuipata kwenye filamu. Tulikuwa na jirani, kijana mpole aliyemchotea bibi yake maji kila asubuhi, hadi siku alipokamatwa kwa kumjeruhi mtu kwa panga, na mtaa mzima ukabaki unaulizana amepatwa na nini. Nimeupitia mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na sikuona shahada ya kwanza yenye jina hilo. Baba anataka nisome sheria, na mjomba anataka nijiunge na polisi kwa kuwa shule yao ipo hapahapa Moshi. Naomba mnieleze: fani hii inasomwa kwa njia gani, ndani yake mna nini hasa, na mtu akishaisoma anafanya kazi wapi?

Mshauri nasaha, Njiro, Arusha

Marahaba, mdogo wangu. Swali hili niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, nikajibiwa ovyo, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Jina la shahada lisikusumbue. Saikolojia ya uhalifu ni ubobezi, na ubobezi huja baada ya shahada ya kwanza ya saikolojia ya jumla, ambayo hapa nchini inafundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwa vingine. Muhimbili wana shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, nayo ni njia mojawapo ya kuwakaribia watu wa aina ya huyo jirani yako. Hata Uingereza, ambako fani imeshajengeka, cheo cha mwanasaikolojia wa masuala ya jinai na mahakama kinalindwa na sheria: mtu hupitia shahada ya kwanza, uzamili, kisha mazoezi ya kazi chini ya msimamizi, ndipo aandikishwe. Ukija kupata nafasi ya kusoma nje, hakikisha mapema kwamba TCU wanakitambua chuo hicho, usije ukarudi na cheti cha kutundika ukutani.

Kuhusu kilichomo ndani, nikuonye mapema: wengi wetu tuliingia tukiwa na hamu ya kuwasoma wauaji, tukapokelewa na takwimu. Usizikimbie, kwa sababu pasipo takwimu huwezi kutofautisha utafiti na porojo. Chukua mfano wa jaribio la wanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, la mwaka 1974, ambalo bado linafundishwa kila mahali. Waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Tofauti ilikuwa kitenzi tu. Walioulizwa kuhusu magari "yalipobamizana" walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa, na walioulizwa kuhusu magari "yalipogusana" wakakadiria maili 31.8. Katika jaribio la pili, wanafunzi waliitwa tena baada ya wiki moja na kuulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Waliosikia kitenzi kikali ndio waliosema ndiyo kwa wingi zaidi, ilhali katika filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Sasa fikiria askari anayeandika maelezo ya shahidi kituoni, anavyochagua maneno ya kuulizia bila hata kujua kwamba anachagua.

Wakili, Sekei, Arusha

Naomba nidakie hapo alipoishia mshauri. Mimi sikusoma saikolojia hata muhula mmoja, na ninajutia hilo kila ninaposimama kumhoji shahidi.

Miaka michache iliyopita nilimtetea kijana aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, tukio la saa nane usiku kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, huko uchagani. Mama aliyeporwa alieleza kwa uhakika kabisa kwamba alimtambua mvamizi kwa mwanga wa tochi. Nikamwuliza tochi ilikuwa mkononi mwa nani. Akasema ilikuwa ya mvamizi. Nikamwuliza ilikuwa inamulika wapi. Alinyamaza, akainua kiganja mbele ya macho kama vile mwanga ule bado ulikuwa unampiga, kisha akajibu kwa sauti ya chini, "Usoni kwangu." Mama yule hakuwa mwongo, na mpaka leo naamini alikuwa anaiona ile sura alipokuwa anasema. Jambo ambalo sheria haikunifundisha ni namna sura ilivyoingia kichwani mwake baadaye, pengine siku alipomwona kijana huyo amefungwa pingu.

Mahakama ya Rufani ililiona tatizo hili zamani. Katika shauri la Waziri Amani (Waziri hapa ni jina la mtu, si cheo) la mwaka 1980 ilisema kwamba ushahidi wa utambuzi kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine zote, na kwamba usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, na alikuwa anamfahamu kabla au la. Hayo ndiyo mambo ambayo wanasaikolojia wa kumbukumbu huyapima maabara.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi, upo hapahapa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliketi kwenye kituo cha mikutano cha AICC hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ikiwa imewasikiliza mashahidi zaidi ya 3,000. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari, ya tarehe 2 Septemba 1998, majaji walieleza kwamba mashahidi wengi walipata taabu kutaja tarehe, saa na umbali, wakazingatia mshtuko walioupata, tofauti za utamaduni na ugumu wa kutafsiri kutoka Kinyarwanda, na wakakataa kuwaona si wakweli kwa sababu hiyo tu. Hukumu hiyo ni ndefu, lakini iko wazi kwa umma, na ningekushauri uanze kuisoma hata kabla ya chuo kufunguliwa.

Kwa hiyo baba yako hajakosea sana, ila sheria peke yake itakufundisha kuuliza swali la tochi bila kukueleza kwa nini jibu limekuwa vile.

Askari magereza mstaafu, Pasua, Moshi

Binti yangu, au mwanangu wa kiume, kwa kuwa hukusema: nimefanya kazi magerezani miaka 31, na yule muuaji mwerevu wa kwenye televisheni sikumwona. Niliowaona wengi waliletwa na pombe, hasira na mashamba. Nilikuwa na mfungwa mmoja aliyemuua ndugu yake kwa ajili ya mche wa sale, mmea tunaoupanda mipakani, uliosogezwa hatua mbili kwenye mpaka wa kihamba. Wachaga wenzangu wanajua kwamba jani hilohilo ndilo linalopelekwa kuomba msamaha. Yeye hakuwa na wa kumpelekea.

Siku hizi kila mtu mbaya anaitwa "saikopathi", yaani mtu asiye na huruma wala majuto, hata mume aliyechelewa kurudi nyumbani. Katika kozi moja tulionyeshwa kipimo cha hali hiyo alichokitunga mwanasaikolojia Robert Hare wa Kanada, chenye vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama kuanzia 0 hadi 2, na kule Amerika Kaskazini mtu huhesabiwa kuwa na hali hiyo akifikisha 30 kati ya 40. Anayepima lazima awe amefunzwa, na hutumia mahojiano marefu pamoja na jalada zima la maisha ya mtu. Haiwezekani kumpima jirani kwa kumtazama kupitia uani.

Pia ujifunze kutenganisha uhalifu na ugonjwa. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu kinamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo, na cha 13 ndicho kinachotoa utetezi wa ugonjwa wa akili. Wanaohitaji kuchunguzwa hupelekwa kwenye taasisi ya magonjwa ya akili ya Isanga, Dodoma, na wanaowachunguza huko ni madaktari. Ukitaka kukaa kwenye kiti hicho, njia yako ni udaktari kisha ubobezi wa magonjwa ya akili, na kwa HGL mlango huo umefungwa. Ni heri uambiwe leo.

Afisa ustawi wa jamii, Sakina, Arusha

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu elimu, ila kuhusu ajira sikubaliani na ukimya wao. Tangazo la kazi ya mwanasaikolojia wa uhalifu utalisubiri sana. Maofisa ustawi wa jamii ndio wanaoandika taarifa za watoto waliokinzana na sheria, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mahabusu za watoto zipo Arusha na Moshi pia. Mtoto wa miaka 14 aliyeiba simu bado anaweza kubadilika, na kwa maoni yangu hapo ndipo saikolojia ina kazi kuliko kwa mtu mzima aliyekwisha hukumiwa. Soma saikolojia ukitaka, lakini fildi yako ifanye kwetu, si kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Mwanafunzi, Kiboriloni, Moshi

Nashukuru sana. Babu mstaafu, mimi ni binti. Nimemsomea baba maelezo ya wakili kuhusu tochi, naye akaniuliza kama inawezekana kuanza na saikolojia, kisha sheria baadaye. Je, inawezekana?

Wakili, Sekei, Arusha

Inawezekana. Darasani kwetu tulikuwa na mwalimu wa sekondari na muuguzi, wote wakiwa na shahada nyingine kabla ya sheria, na huyo muuguzi ndiye aliyekuwa anatushinda sote katika kuhoji mashahidi. Andaa fedha tu, maana shahada ya pili ya namna hiyo usitegemee kusomeshwa kwa mkopo.