Ukoo wa Babu Aloyce, Kibosho 🌿 (watu 41)

*Jumapili*

Anti Resti, 19:12
Tumsifu Yesu Kristo wana ukoo. Narudia kwa mara ya NNE. Tarehe 2 Novemba ni Jumamosi, Marehemu Wote. Misa saa 1 asubuhi, tukitoka hapo moja kwa moja kihambani kusafisha kaburi la Babu. Kila nyumba 50,000. Mpaka sasa wametoa watu watatu. Humu tuko 41.

Anti Resti, 19:13
Naona wanaosoma. Naona.

Mama Careen (Galway), 19:55
Milele amina anti, shikamoo. Yangu natuma kesho. Nina jambo lingine dogo, msinicheke. Ijumaa shule za huku zinafunga kwa mapumziko, watoto wote wanakwenda wamevaa vitu vya kutisha, ndiyo hii Halloween. Careen anataka avae mifupa. Nilikuwa nimeshamkatalia. Halafu nikaanza kusoma imetoka wapi, kumbe imetoka huku huku Ayalandi, na ni mkesha wa sikukuu yetu wenyewe.

Brayo, 19:57
Mifupa? Mtumie picha ya Anko Deo tu, mavazi ya nini 😂😂

Anko Deo, 19:58
Mtoto huna adabu wewe. Na ile elfu 20 yangu?

Brayo, 19:58
📵

Baba Elia, 20:06
Bwana asifiwe. Dada, hiyo ni sikukuu ya shetani, haina mjadala. Siku hiyo mtoto abaki nyumbani, mfunge na kuomba.

Mama Careen (Galway), 20:14
Kaka, na mimi nilianza hivyo hivyo. Ila jina lenyewe maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, kama tunavyokesha Krismasi.

Mama Careen (Galway), 20:17
Ni kweli kabla ya ukristo walikuwa na Samhain, wanatamka "sawin". Mavuno yamekwisha, ng'ombe wameshushwa kutoka malishoni, giza linaanza kuingia mapema, na wazee wakiamini usiku ule wafu wanatembea. Mpaka leo Kiayalandi mwezi wa Novemba unaitwa Samhain.

Mama Careen (Galway), 20:21
Watu wanasema Papa aliibatiza tu sikukuu ya wapagani. Nikakuta si rahisi hivyo. Roma mwanzoni waliwakumbuka mashahidi wote tarehe 13 Mei. Waayalandi wenyewe kwenye kalenda zao za miaka ya 800 waliwaweka watakatifu wote tarehe 20 APRILI. Hii ya 1 Novemba ilishika kwanza upande wa Ujerumani na Uingereza, ndipo mwaka 835 Papa Gregori wa IV akahimiza iadhimishwe. Sasa wangeipachika vipi juu ya Samhain na wenye Samhain yao wako Aprili?

Anti Resti, 20:22
Mama Careen tumekusikia mama. 50,000.

Mama Eriki, 20:23
Jamani habari ndefu, mwenye muda anifupishie, niko kwenye daladala

Brayo, 20:24
Kifupi: Papa hana kosa, Careen avae mifupa, Anti anataka hela

Baba Mdogo Katekista, 20:31
Mama Careen umesoma vizuri. Ongeza na hili: Marehemu Wote tarehe 2 ilianzia kwa watawa wa Cluny, Ufaransa, chini ya abati wao Odilo, miaka 1000 na kitu iliyopita. Na kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba ukizuru makaburi ukawaombea marehemu, unawapatia rehema kamili, kwa masharti yake. Resti, hilo ungelianza nalo kabla ya pesa.

Anti Resti, 20:32
Rehema hainunui rangi ya geti, kaka.

Mama Careen (Galway), 20:40
Wiki iliyopita tulikwenda makumbusho ya Turlough, karibu na Castlebar. Zamani hawakuchonga maboga, maboga yalitoka Amerika. Walichonga tanipu, kama figili lakini kubwa. Ipo moja pale, mfano wa plasta wa ile iliyotoka Fintown, Donegal. Uso umesinyaa, macho mashimo mawili. Careen alijificha nyuma ya koti langu, halafu akachungulia akaniuliza, "Mama, huyu ni babu wa nani?"

Mama Careen (Galway), 20:41
Na usiku ule waliacha moto unawaka, mlango bila komeo, na nafasi mezani kwa waliofariki. Nikawakumbuka nyumbani.

Mama Eriki, 20:44
Na wanakula nini?

Mama Careen (Galway), 20:45
Mkate mtamu wa zabibu kavu, ndani wanaficha pete. Ikikuangukia unaoa ndani ya mwaka.

Mama Eriki, 20:45
Anko Deo atumiwe mkate mzima 🤣🤣🤣

Brayo, 20:46
Atumiwe bekari

Anko Deo, 20:52
Chekeni. Hiyo nafasi mezani na sisi tulikuwa nayo. Mzee alikuwa anamwaga mbege kidogo chini kabla hajanywa, na alipozikwa tukamwagia yeye, pale penye mimea ya masale. Kabla hayajang'olewa.

Anti Resti, 20:53
Deo. Tusianze.

Anko Deo, 20:53
Sijaanza. Nimekumbuka tu.

Baba Elia, 20:59
Kama ni mimi nasemwa, nitajwe jina. Marumaru yale ya kaburi niliweka kwa pesa yangu, hakuna aliyechangia shilingi. Na masale ni mambo ya mizimu, niliyatoa kwa imani yangu.

Anko Deo, 21:00
Nani alikuomba marumaru?

Baba Elia, 21:02
*Ujumbe huu umefutwa*

Anti Resti, 21:03
NIMESEMA TUSIANZE. Nani analeta fagio na jembe? Mchoraji wa maandishi anataka 30,000 yake kabla.

Neema (kwa Bibi), 21:26
Shikamooni. Nilikuwa namsomea Bibi. Amesema nirekodi.

Neema (kwa Bibi), 21:27
🎤 Ujumbe wa sauti 1:52

Mama Eriki, 21:35
Bando limekwisha, Bibi anasemaje?

Neema (kwa Bibi), 21:41
Anasema: "Huyo mtoto mwache avae hiyo mifupa. Akishavua, mfundishe jina la babu yake, amwombee kabla ya kulala. Masale nilipanda mimi mwenyewe, wiki tuliyomzika. Yalipong'olewa nilikuwa nimekaa mlangoni naona, nikanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza. Aliyeyang'oa ayapande kwa mkono wake, nikiwa bado naona."

Neema (kwa Bibi), 21:42
Halafu ameniambia nizime simu.

Baba Mdogo Katekista, 21:50
Tumesikia mama.

Mama Careen (Galway), 21:58
Asante Bibi 😭

*Jumatatu*

Anti Resti, 06:40
Tumsifu Yesu Kristo. Waliotoa: Katekista, Mama Eriki, mimi. Mama Careen kesho imeshakuwa leo.

Mama Careen (Galway), 11:15
Nimetuma anti. Nimenunua na fulana nyeusi, mifupa nitachora mwenyewe kwa rangi nyeupe.

Baba Elia, 13:08
Nitafika Ijumaa jioni na familia. 50,000 nimetuma.

Anti Resti, 13:09
Imefika baba, asante. Na masale?

Anti Resti, 15:30
Baba Elia?

Ba'Joshua Arusha, 22:17
Samahani wapendwa nilikuwa safarini. Hiki kikao cha harusi ni lini?