Naomba ushauri: klachi ya skuta niliyounda inaungua mlimani

Ndugu mafundi, habari za kazi. Nimeunda skuta kwa injini ya mashine ya kufyekea nyasi ya cc 43, magurudumu ya inchi 12 ya baiskeli ya mtoto na mabomba ya kitanda chakavu. Kwenye tambarare inakwenda nikiisukuma kidogo kwanza, lakini ikianza kupanda kilima klachi (kifaa kinachounganisha injini na mnyororo) inateleza na ngoma yake, yaani kikombe cha chuma kinachoizunguka, inapata moto hadi chuma kinageuka buluu. Sproketi (gia ya mnyororo) ya mbele ina meno 11 na ya nyuma 44, yaani 4 kwa 1, uwiano ambao naona ni mdogo mno kwa injini inayozunguka mara 7,000 kwa dakika. Je, niongeze shafti ya kati (mhimili wa pili wenye sproketi zake kati ya injini na gurudumu) ili nifikie 12 kwa 1, au nibadilishe sproketi ya nyuma pekee? Breki nayo iko nyuma tu, jambo linalonitia hofu kwa kuwa mwanangu ameshaanza kuiomba skuta hiyo.