Mama macho yamefifia, lakini anaona watu wasiokuwepo. Nifanyeje?

Kitindamimba: Wakuu, naomba ushauri. Mama ana miaka 78, presha ya macho imemmaliza, sasa anatambua mwanga na vivuli tu. Mwezi huu ameanza kuona watoto wenye kofia wamejipanga ukutani, kimya. Juzi nilimkuta kitandani, kidole kinahesabu hewani: wanne, watano. Aliponisikia akashusha mkono. "Najua hawapo, mwanangu. Usimwambie mtu." Kumbukumbu zake ziko sawa kabisa. Ndugu zangu wanadai akili imeanza kumruka. Roho inaniuma.

Doto_M: Pole mkuu. Mpeleke hospitali, usisikilize maneno ya watu.

Lenzi: Pole sana. Hayo ni maruweruwe ya macho, na huenda akili haina kosa lolote. Mswisi Charles Bonnet aliyaandika mwaka 1760, baada ya babu yake mwenye mtoto wa jicho kuanza kuona watu, ndege na majengo, huku akijua si vya kweli. Hali hiyo inaitwa kwa jina la Bonnet hadi leo.

Hata sisi tunaoona, ubongo hutujazia. Fumba jicho la kushoto, nyosha mikono, simamisha vidole gumba viwili sambamba. Kaza jicho la kulia kwenye gumba la kushoto, kisha sogeza gumba la kulia pole pole kuelekea kulia. Ukifika kama sentimita 15 hivi, ncha yake inatoweka. Wala huoni shimo, unaona ukuta mtupu! Pale neva inapotokea jichoni hakuna chembe za kuona, na ubongo umepaziba. Sasa mama kakosa karibu picha yote. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona haipokei kitu, lakini hailali, inajitungia.

Bi_Subira: Marehemu baba yalimpata, yeye aliona maua. Tukiwasha taa, au akipeleka macho kulia na kushoto mara kadhaa, mara nyingi yalifutika. Mwone daktari wa macho, mtajie pia dawa zote anazotumia. Ila akianza kusikia sauti, kusahau, au kuamini wapo kweli, hilo ni jingine, wahi haraka.

Kitindamimba: Asanteni mno. Gumba limepotea kweli! Daktari tunamwona kesho. Nimemsomea mama majibu yenu yote. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza yule babu aliona ndege wa rangi gani.