Nimehamia Dar kutoka Nairobi, barabarani hapa mnaishije?

Jirani wa Kaskazini
Hamjambo wakuu. Nimehamishiwa Dar kikazi, naishi Mikocheni na ofisi iko Posta, katikati ya jiji. Nikiuliza watu kazini wananiambia "utazoea tu", jibu ambalo halinisaidii nikiwa nimeshika usukani.

Niseme mapema kwamba jam siiogopi. Nimeendesha Nairobi miaka mingi, Jogoo Road, Ngara, Thika Road saa za watu kutoka kazini. Matatu namjua, akianza tu kuinamisha pua nishaelewa anaelekea wapi. Hapa ndipo penye shida: siwasomi.

Juzi jioni niko kwenye mataa ya Morocco, nataka kuingia Barabara ya Mwai Kibaki. Taa ikawa ya kijani, nikaondoka, trafiki akanipigia filimbi na kuninyooshea kiganja. Nikasimama. Ikawaka nyekundu, akaanza kutuita kwa mkono twende. Mimi nimekodolea macho taa, nyuma honi zinalia kama harusi. Nilipoingia Mwai Kibaki, bajaji yenye abiria watatu ikapanda ukingo wa barabara kushoto kwangu, ikachomeka tairi la mbele kwenye upenyo ambao hata mkokoteni ungeuogopa. Kulia ikaja bodaboda, jamaa akakikunja kioo changu cha pembeni kwa mkono, taratibu kabisa, akapita. Hata hakunitazama.

Naomba msaada kwa mambo haya: taa na trafiki nimtii nani, bodaboda niishi nao vipi, na kama kuna njia na saa ya kufika Posta bila kuchakaa.

Mzee wa Kimara
Karibu sana jirani. Hilo la kwanza ni rahisi. Mkono wa trafiki uko juu ya taa, na ni sheria, si mazoea ya Dar tu. Akiwepo katikati ya makutano, hesabu kwamba taa zimezimwa.

Ila mtazame yeye, usimtazame aliye mbele yako. Wengi huondoka kwa kufuata gari la mbele, trafiki akikata foleni hapo wanajikuta katikati ya makutano. Halafu ukiona amewashikilia muda mrefu na madereva wa mbele wamezima injini, zima na wewe. Ama upande mwingine foleni imefika mbali, ama kuna msafara wa viongozi unakuja. Msafara ukipita usijaribu kuunga nyuma yake kwa kuwa njia ni nyeupe. Hapo hakuna wa kukutetea.

Chuma cha Mjapani
Dada, tanua tu, pita pembeni ya barabara. Ukisubiri foleni Dar utazeekea Mikocheni.

Bi Msasani
Wewe Chuma usimpotoshe mgeni. Anayetanua akikutana na trafiki kule mbele ni elfu thelathini, na mara nyingi wanasimama palepale mnapotaka kurudi barabarani. Na huko pembeni mnakotanulia ndiko watoto wa shule wanakopita na mama ntilie wanakoweka meza.

Dada, mwenye kuchomekea mwache aingie. Ukimbania atakukwangua, na gari la kukwanguliwa ni lako, lake lilishakwanguliwa zamani. Ila usiachie nafasi ya gari zima mbele yako kwenye foleni. Huku nafasi hiyo inasomeka kama mwaliko, wataingia wanne kabla hujapumua.

Boda wa Sinza
Ngoja niseme kwa upande wetu maana kila uzi wa foleni tunaishia kusemwa sisi.

Sisi tunapita kwenye mwanya kati ya mistari miwili ya magari. Mwanya huo ukikaa sawa, hakuna atakayekugusa. Tatizo ni dereva anayeyumba: anatafuta simu, mara yuko kulia, mara kashtuka karudi kushoto. Wewe kaa kwenye mstari wako hata kama unatembea kilomita tano kwa saa, tutakuzunguka kama maji.

Ukitaka kukata kushoto, usisubiri ufike kwenye kona. Washa indiketa mapema na ubane kushoto mapema, tairi zikaribie ukingo, mwanya ufungwe. Ukiuacha wazi tutaingia tu, na indiketa yako hatutaiona kwa sababu tuko ubavuni mwako tayari. Mwambie na abiria wako asifungue mlango kwenye foleni bila kutazama nyuma. Hilo linaumiza wenzetu wengi kuliko mwendo.

Kioo kukunjwa si dharau. Tunaona afadhali tukikunje kuliko tukivunje.

Mzee wa Kimara
Boda leo umeongea kistaarabu. Mwambie na lile lingine.

Boda wa Sinza
Lile la kugongana, sawa. Ukigongana na boda, tutajaa hapo kwa dakika mbili, na wengi wetu hatutakuwa tumeona kilichotokea. Usishuke kubishana nani mwenye makosa. Kama kuna majeruhi, lake ni hospitali kwanza, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itahitajika. Ukiona watu wamepandisha hasira, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukaripoti, usiende nyumbani. Anayekwenda nyumbani anahesabiwa amekimbia, hata kama alikuwa na haki.

Mkenya wa Mbezi Beach
Msalimie Nairobi, dada. Nilipitia hayohayo. Nikuongezee ambayo hawa wenyeji hawayaoni kwa sababu wamekulia ndani yake.

Zebra. Nairobi mtu akisimama kwenye zebra anaomba Mungu. Huku gari zinasimama kweli, na trafiki wanaikazia. Aliye mbele yako atafunga breki ghafla kwa ajili ya bibi mwenye kapu, ukiwa umemkaribia sana umemgonga. Ukiona mistari myeupe, punguza kabla ya kuona mtu.

La pili ni safari. Siku utakayoamua kwenda nyumbani kwa gari, ukipita Namanga au Horohoro, kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa. Kibao ni 50 na wanamaanisha 50, si 58. Trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo anakaa kwenye kivuli cha mwembe, anapiga picha, unasimamishwa na mwenzake huko mbele ukishasahau kijiji kiliitwaje. Na hizo 50 haziishi nyumba zinapokwisha, zinaishia kwenye kibao kilichofutwa kwa mstari. Faini ni elfu thelathini kwa kosa. Omba uandikiwe upewe kontrolo namba (namba ya malipo), lipa kwa simu, endelea na safari. Usitoe noti dirishani, hata ukiwa na haraka.

Na lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia ilhali hakuna kona, anakuambia kuna gari linakuja, tulia. Ya kushoto, anakupa njia. Lakini hakikisha kwa macho yako, huenda anakata kushoto kweli.

Njia ya mabasi ya mwendokasi usiingie hata ukiona gari kumi zimeingia.

Chuma cha Mjapani
Haya, naungana nao kwa hilo la tochi. Na kama unanunua gari la mkononi hapa Bongo, angalia kwanza namba yake inadaiwa faini ngapi kabla hujalipa. Vioo vya pembeni na taa vichongwe namba ya gari, fundi yeyote wa vioo anajua. Kwenye foleni usiku kuna vijana wanachomoa kioo huku umekaa ndani umeushika usukani.

Jirani wa Kaskazini
Asanteni jamani, hili la kubana kushoto mapema sikulijua kabisa, kwetu nduthi, yaani bodaboda, wanaambaa popote. Bado lile la Posta. Asubuhi nikipitia Ali Hassan Mwinyi naona wale wa ujenzi wa mwendokasi wamebana njia. Na mvua zikianza je?

Bi Msasani
Ukitoka Mikocheni saa kumi na mbili kamili ushachelewa. Toka kumi na moja na nusu, ukanywe chai mjini. Jioni ama uondoke mapema sana ama ungoje saa mbili. Katikati ya hapo ni kujitesa.

Njia: achana na Morocco. Shuka na Mwai Kibaki hadi Msasani, katiza Oysterbay utokee Kenyatta Drive, panda Daraja la Tanzanite (lile la baharini lililofunguliwa 2022) utokee karibu na Aga Khan, Barack Obama Drive mpaka mjini. Kibaki, Kenyatta, Obama. Utadhani hujahama.

Mvua ni habari nyingine. Bonde la Jangwani likijaa maji Barabara ya Morogoro inafungwa, na wote waliokuwa wapite huko wanahamia kwenye njia zetu. Barabara za ndani za Mikocheni nazo hutuama maji, huoni shimo. Kama hukuijua barabara ikiwa kavu, usiijaribie kwenye maji. Ngoja gari lingine lipite, tazama maji yanafika wapi kwenye tairi lake.

Mzee wa Kimara
Au aache gari nyumbani siku za mvua, achukue bajaji.

Boda wa Sinza
Bajaji kwenye maji, Mzee? Injini iko chini pale.

Mkenya wa Mbezi Beach
Njia ya Bi Msasani ni nzuri, mimi huitumia. Ila dada, Jumapili jioni usiijaribu. Watu wa Coco Beach wanaegesha pande zote mbili, mihogo inauzwa mpaka katikati ya barabara, na hapo hakuna trafiki wala taa. Siku hiyo Morocco ni nafuu.