Tupeane uzoefu: Godoro la lateksi kwenye joto la Dar, toka dukani mpaka chandarua

MtuWaTabata

Wakuu, salaam. Siku hizi neno lateksi linabandikwa kwenye magodoro ya kila aina, na mtu anaweza kulipa hela ya lateksi akapeleka nyumbani sponji. Uzi huu uwe wa wanaoyajua haya magodoro: kulitambua, kulilaza, kulitandika na kulitunza kwenye jiji lenye joto na unyevu wa bahari. Tuweke vipimo. Mimi naanza na mzani.

Lateksi ni utomvu wa mti wa mpira, huo huo unaogemwa Muheza na Kilombero, unaopigwa mpaka ukawa povu kisha ukaokwa ndani ya kalibu, yaani chombo cha kulipa umbo. Hewa imo nyingi, lakini mpira nao ni mwingi, kwa hiyo godoro linakuwa zito. Mita moja ya ujazo ya lateksi iliyotengenezwa kwa njia ya Dunlop ina kilo 65 hadi 95. Sponji nyingi za majumbani zipo kwenye kilo 18 hadi 30.

Chukua 5x6 la inchi 8. Futi 5 ni mita 1.52, futi 6 ni mita 1.83, inchi 8 ni mita 0.203. Ukizidisha unapata mita za ujazo 0.56. Kwa lateksi ya kilo 75, hilo godoro litasoma kilo 42 hivi bila kava. La sponji ya kilo 25 litasoma 14. La 6x6 la inchi 8 linafika kilo 51, na 4x6 la inchi 6 lipo kwenye 25 au 26. Kijana wa dukani akilinyanyua 5x6 peke yake na kulitupa begani kama gunia la pamba, jibu umeshalipata.

Angalieni sana lile linalosoma kilo 21 au 22. Hilo mara nyingi ni inchi 2 za lateksi juu na inchi 6 za sponji chini. Si kosa kuliuza, mradi muuzaji aseme hivyo na bei iwe ya hivyo.

BintiKurasini

Naongezea kwa mkuu hapo juu, kwa sababu mzani peke yake unaweza kudanganywa. Kuna lateksi inayochanganywa na unga wa chokaa au udongo ili izidi uzito na ipungue mpira. Mzani utafurahi, lakini godoro litapasuka mapema na kukung'utika vumbi jeupe.

Mwambie muuzaji afungue zipu ya kava. Kava isiyofunguka kabisa ni sababu tosha ya kuuliza maswali zaidi. Ndani utakuta matundu ya mviringo yaliyopangwa kwa mistari, juu na chini. Ni alama za pini za chuma za kwenye kalibu, zinazopeleka moto katikati ya povu ili liive sawasawa. Bonyeza kwa kidole gumba mpaka nusu ya unene, uachie. Lateksi inarudi hapo hapo, inakisukuma kidole. Likirudi polepole na kuacha shimo kwa sekunde kadhaa, hiyo ni memori fomu, na kwa Dar memori fomu inashika joto la mwili vibaya mno. Kisha sugua kwa kiganja kikavu. Kiganja kikitoka na unga, rudisha zipu na uondoke.

Harufu: lateksi mpya inanuka mpira, tamutamu kidogo. Chumba chenye madirisha wazi kinaimaliza kwa siku chache, wakati mwingine wiki mbili au tatu. Harufu kali ya dawa inayowasha macho ni jambo lingine.

Kuhusu "asilia": kuna mpira wa mti, kuna mpira wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli, na kuna mchanganyiko. Wote unaitwa lateksi. Muuzaji akidai ni asilia tupu, aonyeshe cheti chenye namba. Cheti cha GOLS kinadai malighafi ya kilimo hai isiyopungua asilimia 95. Oeko-Tex Standard 100 kinapima kemikali zenye madhara, hakisemi mpira umetoka mtini. Watu wengi wanavichanganya hivi viwili.

Na yule ambaye glavu za mpira au maputo humwasha au kumbana kifua, amwone daktari kwanza kabla ya kununua.

Mgeni_Kimara

Dunlop na Talalay ndiyo nini? Na mtu wa kilo 85 achukue laini au gumu?

BintiKurasini

Mkuu Mgeni, Dunlop ndiyo njia ya zamani, ilianza Uingereza mwaka 1929: povu linamiminwa kwenye kalibu na kuokwa. Chembe nzito hutuama, kwa hiyo upande mmoja huwa mgumu kidogo. Talalay kalibu haijazwi, hewa inanyonywa ili povu lijitanue, linagandishwa kwa baridi, linapitishiwa gesi ya kaboni dioksidi, ndipo linaokwa. Linatoka jepesi na laini zaidi, na bei inapanda. Kwa matumizi ya kawaida Dunlop inatosha kabisa, na inavumilia zaidi.

Ugumu: chini ya kilo 60 laini, 60 hadi 90 la kati, zaidi ya hapo gumu. Anayelalia ubavu ashuke daraja moja ili bega lizame. Anayelala kifudifudi apande daraja moja. Usijaribu kwa kukaa ukingoni. Lala dakika 10 kwa mkao wako wa usiku, na mwenzako apitishe mkono chini ya kiuno chako. Mkono ukipita kwa urahisi, godoro ni gumu mno kwako.

Seremala_Keko

Wakuu, malalamiko mengi ya lateksi "imebonyea" ni ya kitanda. Godoro la lateksi halina springi wala fremu ndani, linafuata umbo la kilichopo chini yake. Ukiliweka kwenye chaga zenye mianya mipana, linajipenyeza humo usiku hadi usiku mpaka linashika hayo mawimbi.

Kitanda cha kawaida cha 5x6 kikiwa na chaga 9 za inchi 3, chaga zinachukua inchi 27. Urefu wa kitanda ni inchi 72, zinabaki 45 za kugawa kwenye mianya 8. Kila mwanya unakuwa karibu inchi 6. Sponji ngumu inavumilia hapo, lateksi haivumilii. Mwanya usizidi inchi 3, na mzuri zaidi ni 2. Kwa chaga za 1x3 na mwanya wa inchi 2 unahitaji chaga 15. Mwambie fundi namba hiyo kabla hajakata mbao, akishamaliza atakwambia kitanda ni kizima.

Kisha boriti ya kati. Chaga za futi 5 zikibeba godoro la kilo 42 na watu wawili zinapinda katikati, hata ziwe za mninga. Weka mbao ya 2x4 toka kichwani hadi miguuni, isimame kwa ubavu, na mguu wake unaogusa sakafu katikati ya kitanda. Kwa 6x6 weka miguu miwili. Pigilia chaga kwa skrubu. Misumari inalegea, kitanda kinaanza kulia na chaga zinasogeleana upande mmoja.

Piga msasa kingo za juu za chaga. Kona kali ya mbao inakata kava, kisha inaanza kula mpira wenyewe.

Wenye vitanda vya plaiwudi ya kufunika chini yote: toboa. Biti ya milimita 20, tundu kila inchi 6 kwa urefu na upana. Jasho la usiku linashuka, likikuta ubao mkavu usio na tundu linatulia hapo. Wakati wa masika utainua godoro ukute madoa meusi ya ukungu. Kulaza godoro juu ya vigae ni hivyo hivyo, tena haraka zaidi. Na masanduku chini ya kitanda yaacheni nusu ya nafasi wazi, upepo upite.

Kupima kama godoro limebonyea kweli: toa shuka, vuta uzi toka ukingo hadi ukingo, pima kwa rula pale penye shimo. Chini ya inchi 1 ni kawaida. Ikizidi, shusha godoro sakafuni upime tena. Shimo likitoweka, mgonjwa ni kitanda.

MtuWaTabata

Fundi, chaga 15 nimeiandika. Niongeze la usafirishaji: lateksi inachanika ikivutwa kwa kushikwa pembe. Watu wanne, kila mmoja apitishe mkono mzima chini, au lizungushiwe shuka nene libebwe kwa shuka. Kirikuu inatosha kwa 5x6 likilala bapa. Likikunjwa nusu na kufungwa kamba kali, kamba inakata.

Mama_Ilala

Jamani, huku kwetu Jumamosi magodoro yote yanatoka nje kuanikwa. La lateksi nalo linaanikwa saa ngapi?

BintiKurasini

Mama, usilianike kabisa. Hili ndilo linaloua lateksi nyingi Dar. Jua linavunja mpira: kwanza uso unakuwa wa njano iliyokolea, kisha unakauka na kuwa mgumu kama ganda la mkate, kisha ukikuna kwa kucha unamomonyoka. Sehemu iliyoharibika hairudi. Hata miali inayoingia dirishani na kupiga pembe moja kila mchana inatosha, kwa hiyo weka pazia au sogeza kitanda.

Badala ya kuanika, kila wiki toa mashuka asubuhi, uache godoro wazi kwa saa mbili au tatu, madirisha wazi, feni ikizunguka. Mara moja kwa mwezi lisimamishe kwa ubavu ukutani kwa saa moja upande wa chini upate hewa, likiwa kivulini. Mtu mmoja asijaribu hiyo kazi. Mwaka wa kwanza lizungushe kichwa kiende miguuni kila miezi 3, baadaye kila miezi 6.

Baba_Wawili

Mtu wa duka alisema nusu saa ya jua la asubuhi haina shida.

BintiKurasini

Mkuu, nusu saa kila Jumamosi ni saa 26 kwa mwaka, na godoro hili linategemewa kwa miaka 10 hadi 15. Faida ya jua ni kukausha, na feni inakausha pia. Sioni sababu ya kulipa gharama hiyo.

DadaWaMashuka

Nije kwenye matandiko. Juu ya lateksi anza na kinga ya godoro. Ile ya nailoni inayolia kama mfuko inazuia hewa, mtu anaamka amelowa. Tafuta ya taulo la pamba lenye utando mwembamba kwa chini. Kinga si ya maji tu. Mafuta yanalainisha mpira na kuufanya unate, na hapa tunajipaka mafuta ya nazi na mafuta ya mgando kabla ya kulala. Bila kinga, yanapita shuka, yanapita kava, yanafika.

Mashuka ya seti yanayouzwa mengi yamekatwa kwa godoro jembamba. La inchi 8 zito likivaa shuka fupi, pembe zinachomoka kila usiku, na kunyanyua pembe ya godoro la kilo 42 kila asubuhi kunachosha mgongo. Bora kushonesha la lastiki. Vipimo vya 5x6 inchi 8:

Upana: 60 + 8 + 8 za pande + 4 + 4 za kuingia chini + 2 za pindo = inchi 86. Urefu: 72 + 16 + 8 + 2 = inchi 98. Kila kona fundi akate mraba wa inchi 12 na nusu, aunganishe kingo mbili kwa mshono wa nusu inchi. Lastiki ya upana wa nusu inchi, urefu inchi 180, izunguke pande zote nne. Ikiwekwa kwenye kona tu, shuka linajikusanya katikati.

Kitambaa kiwe pamba tupu, popilini nyepesi. Kifue na kukikausha kabla ya kukata kwa sababu pamba hurudi. Kikiwa chembamba upana, kiungo kikae pembeni mwa godoro, kisipite chini ya mgongo. Satini ya polista inang'aa lakini inateleza juu ya lateksi na inashika joto.

Mito: mto wa lateksi haufumuki wala kukunjika, kwa hiyo urefu ukikosea hauna marekebisho. Anayelalia ubavu inchi 4 hadi 5, anayelala chali 3 hadi 4. Kama hujui urefu wako, mto wa sufi ni rafiki: unapunguza na kuongeza sufi kwa mkono.

Baba_Wawili

Mtoto akikojoa, kinga ikiwa imetolewa kufuliwa?

DadaWaMashuka

Kandamiza kwa taulo kavu, ukiegemea kwa uzito wako, badilisha taulo mpaka litoke kavu. Usisugue. Fungua kava uifue. Kwenye mpira pitisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo ya maji, kilichokamuliwa sana, kisha kingine cha maji matupu. Feni ielekee hapo saa 24, ikibidi 48. Usimwage maji, usilipeleke bafuni: lateksi iliyoshiba maji inachanika kwa uzito wake ikiinuliwa, na katikati haikauki. Dawa za klorini hapana. Na nunueni kinga mbili, moja ikifuliwa nyingine ipo kazini.

Mgeni_Kimara

Kunguni je? Tumezoea mafuta ya taa.

Seremala_Keko

Mafuta ya taa kwenye lateksi ni kuipoteza. Mpira unayanywa, unavimba, unakuwa laini na kunata, na harufu haitoki tena. Mbali na hatari ya moto. Dawa za kupuliza zilizoyeyushwa kwa mafuta nazo zisiguse mpira.

Kunguni wanakaa kwenye mishono ya kava, kwenye viungo vya kitanda na matundu ya skrubu. Vua kava, ifue kwa maji ya moto kadiri lebo inavyoruhusu. Fungua kitanda vipande, kila kiungo kimwagiwe maji yanayochemka, kikauke juani. Mbao inaruhusiwa juani. Mpira ukague kwa tochi tundu kwa tundu, kisha uvalishe kava ya zipu inayofunga kabisa, na ikae hivyo mwaka mzima. Baada ya kukaza kitanda, ziba mianya ya viungo kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno.

Mama_Ilala

Na chandarua? Godoro limepanda, chandarua hakifiki kuchomekwa.

DadaWaMashuka

Mama, pima toka ndoano hadi chini ya godoro, siyo hadi juu yake, kisha ongeza inchi 12 za kuchomeka. Kikipungua, shonea ukanda wa shuka la pamba kuzunguka pindo la chini, upana inchi 15. Pamba inashika chini ya godoro zito kuliko neti, na neti haichaniki ukiivuta. Usichomeke kwa kuinua godoro. Sukuma kwa kiganja kilichonyooka kati ya kava na chaga, anzia kichwani, na upande wa kuingilia uache wa mwisho.